Handaki la maji shambani Suffolk: lilichimbwa kumzuia nani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Naishi Suffolk, mashariki mwa Uingereza, nafanya kazi ya kutunza wazee. Siku za mapumziko napenda kutembea kwenye njia za mashambani. Karibu na kijiji kimoja kuna shimo refu lenye maji, limezunguka kipande cha ardhi cha mraba. Ndani hamna kitu, ni miti na nyasi tu. Kwenye ramani pameandikwa "Moat" kwa herufi za kizamani. Mzee mmoja ninayemhudumia aliniambia zamani palikuwa na ngome, na kwamba kuna njia ya chini kwa chini inayotoka pale mpaka kanisani. Ngome gani hii isiyobakiza hata jiwe? Na kama ilikuwa ya kujihami, mbona maji yenyewe mtu mrefu angeyavuka kwa miguu? Adui alikuwa nani?

Jibu: Marahaba. Mzee wako hajakudanganya, ila ameyakuza mambo. Ulichokiona si ngome. Ni kiwanja cha nyumba ya kabaila wa Zama za Kati, au pengine ya mkulima tu aliyejiweza. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mbao, kuta zake zimekandikwa udongo, ndiyo maana hukuona jiwe. Nguzo zimeoza, au ziling'olewa zikaenda kujengea kwingine, na lililobaki ni handaki, kwa kuwa shimo haliozi. Zile herufi za kizamani kwenye ramani hutumiwa na wapimaji wa serikali kuonyesha kwamba mahali hapo ni pa kale, na si pa enzi ya Warumi.

Wala usidhani umeokota kitu adimu. Viwanja vya namna hiyo vinavyojulikana Uingereza ni takriban 6,000. Vingi vilichimbwa kati ya mwaka 1250 na 1350 hivi, na vimesongamana katikati na mashariki mwa nchi: Suffolk, Essex, Cambridgeshire, Warwickshire. Suffolk na Essex kila moja ina mamia. Zipo parokia ambazo mtu akizizunguka kwa miguu asubuhi moja anapita mahandaki kadhaa, kila moja na kisiwa chake, kila moja lilikuwa na mwenyewe. Sasa jiulize ni vita gani vilivyohitaji ngome zilizobanana hivyo kwenye mashamba ya ngano. Kwa hiyo swali lako la mwisho ndilo lenyewe, na jibu lake la haraka ni kwamba handaki lilichimbwa kwa ajili ya majirani kuliko kwa ajili ya adui. Jibu la taratibu linaanzia kwenye udongo.

Chini ya sehemu kubwa ya Suffolk kuna tabaka nene la mfinyanzi mzito, umechanganyika na vipande vya chokaa na mawe, ulioachwa na barafu iliyofunika nchi ile miaka laki kadhaa iliyopita. Mfinyanzi huo haupitishi maji. Chimba shimo la futi sita, ngoja mvua za majira ya baridi, utalikuta limejaa bila ya mto wala chemchemi. Ndiyo maana handaki lako lina maji hadi leo ingawa hakuna anayelitunza.

Udongo huohuo ni balaa kwa anayejenga nyumba ya mbao. Miguu ya nguzo inakaa kwenye unyevu mwaka mzima, sakafu ya udongo haikauki, na kuanzia Novemba mpaka Machi uani ni tope la kufika kwenye vifundo vya miguu. Handaki linamwondolea mwenye nyumba sehemu ya shida hiyo, kwa kuwa maji yanayotiririka kutoka mashambani yanaishia humo kabla ya kufika mlangoni, na udongo uliochimbwa unamwagwa katikati, kiwanja kinainuka. Utakaporudi tazama kama kile kisiwa kiko juu kidogo kuliko shamba la nje. Visiwa vingi viko hivyo.

Kwa hiyo kabla halijawa kitu kingine chochote, handaki ni mtaro. Hapo ndipo ninapotofautiana kidogo na wenzangu wanaoeleza kila handaki kwa hadhi ya mwenyewe. Ukienda kwenye vilima vya chokaa vya kusini, ambako maji hunywea ardhini mara tu yanapogusa chini, viwanja hivi vinakuwa haba, ilhali makabaila wenye kujisikia walikuwepo tele. Watu wa kutaka kuonekana walikuwa kila mahali. Mfinyanzi haukuwa kila mahali.

Lakini mtaro wa kukausha uwanja hauhitaji upana wa mita nane wala maji ya kusimama. Mtu aliyetaka kukausha uwanja tu angechimba mfereji wa kurukwa na mtoto. Upana ule una sababu yake nyingine, na anayetoka kwetu hahitaji kuelezwa sana. Nenda mtaa wowote mpya wa Dar es Salaam uone nyumba ambayo haijapigwa hata plasta, lakini ukuta wa mbele umekamilika, una geti la chuma lenye nakshi. Mwizi anayejua kazi yake haogopi nakshi. Geti linazungumza na wapita njia.

Katika Uingereza ya mwaka 1300, mtu mkubwa hasa alikuwa na ngome ya mawe, mnara, na handaki lililojaa maji. Aliye chini yake hakuwa na fedha za mnara, na hata kama angekuwa nazo, kuweka meno ya ngome juu ya ukuta (yale mapengo ya kujikingia) kulihitaji kibali cha mfalme. John de Markenfield, aliyekuwa ofisa mkubwa wa hazina ya Edward II, alikipata kibali chake mwaka 1310 kwa ajili ya nyumba yake karibu na Ripon, na nyumba hiyo, Markenfield Hall, bado imesimama ndani ya maji yake. Laurence wa Ludlow hakuwa hata wa ukoo wa makabaila. Alikuwa mfanyabiashara wa sufu aliyetajirika, akanunua milki ya Stokesay, na mwaka 1291 Edward I akampa kibali cha kuijenga kwa sura ya ngome. Hakuifaidi sana, kwa kuwa mwaka 1294 alizama baharini na shehena ya sufu. Handaki peke yake, lisilo na kuta zenye meno, halikuhitaji kumwandikia mfalme. Mwenye ardhi alihitaji sepetu, vibarua na mfinyanzi. Ndiyo sababu mwonekano wa ngome ulishuka ngazi hadi kwa watu ambao majina yao hayakuandikwa popote isipokuwa kwenye orodha za kodi.

Tufanye hesabu, maana watu hudhani kazi hii ilihitaji utajiri wa ajabu. Chukua handaki la mraba, kila upande mita 50 ukipima katikati ya maji, upana mita 8 juu na mita 3 chini, kina mita 2. Kila mita ya urefu inatoa mita za ujazo 11 za udongo, na kwa kuwa urefu wote ni mita 200, jumla ni mita za ujazo 2,200. Sepetu ya wakati huo ilikuwa ya mbao, imevishwa chuma kwenye ncha tu. Mchimbaji akikata mfinyanzi uliolowa, na mwingine akiupandisha juu kwa kikapu, tukadirie mita za ujazo mbili na nusu kwa kila mtu kwa siku. Zinakuja siku-kazi 880, yaani watu kumi kwa siku 88. Kibarua wa miaka ile alilipwa kama peni moja na nusu kwa siku, kwa hiyo gharama ni peni 1,320. Pauni moja ya zama hizo ilikuwa peni 240, basi hizo ni pauni 5 na shilingi 10.

Ni nyingi au kidogo? Mwaka 1278 Edward I aliagiza kila mwenye ardhi ya kumwingizia pauni 20 kwa mwaka akubali kusimikwa kuwa naiti, yaani askari wa farasi mwenye cheo. Mtu wa kiwango hicho, basi, angelipia handaki kwa robo ya mapato ya mwaka mmoja, au kidogo zaidi. Inauma, lakini haifilisi. Na kama alikuwa na wakulima waliofungwa kwenye ardhi yake, waliowajibika kumfanyia kazi siku kadhaa kila wiki bila ujira, basi fedha taslimu iliyotoka mfukoni ilikuwa ndogo zaidi. Mfinyanzi wa Suffolk ulilowa jasho la watu ambao hawakuruhusiwa kulala upande wa pili wa maji.

Wachimbaji hawa walipatikana kwa urahisi kwa sababu nchi ilikuwa imejaa watu. Karne ya 13 idadi ya wakazi iliongezeka mpaka ardhi nzuri ikaisha, vibarua wakawa wengi na rahisi. Walioikosa ardhi ya zamani walisogea pembezoni, wakafyeka misitu na kulima ardhi nzito ambayo mababu zao waliiachia nguruwe. Msitu wa Arden huko Warwickshire ni mfano mzuri: mahandaki yako kila upande, na mengi ni ya wakulima huru walioanzisha mashamba mapya kwa kufyeka, hawakuwa makabaila wa vijiji. Mtu wa namna hiyo alikuwa na sababu zaidi ya kujionyesha kuliko mwinyi wa tangu asili. Ardhi aliipata juzi, majirani wanajua hivyo, na baadhi yao walizoea kulisha mifugo palepale alipojenga. Handaki linasema hapa ni kwangu, na kwa kulijaza tena lazima mje watu wengi.

Hapa kuna kipimo unachoweza kukitumia mwenyewe. Angalia kanisa la kijiji liko wapi. Kama handaki liko jirani nalo, labda likitenganishwa na uchochoro tu, basi karibu bila shaka palikuwa kwa kabaila wa kijiji. Familia hizo mara nyingi ndizo zilizojenga makanisa uani kwao. Kama liko mbali, peke yake, kwenye mpaka wa parokia au kando ya kilichokuwa msitu au malisho ya pamoja, mwelekee mkulima huru aliyepanda ngazi. Kipimo hiki hakikamatiki kama sheria, maana vijiji vingine vilihama vikaacha kanisa peke yake shambani, lakini kinafaa kuanzia.

Sasa kujihami. Sitaki uondoke hapa ukidhani hofu haikuwepo kabisa, kwa sababu ilikuwepo. Mwanzoni mwa karne ya 14 barabara za Uingereza zilikuwa na magenge, na baadhi yaliongozwa na watoto wa makabaila wenyewe. Januari 1326, huko Leicestershire, Eustace Folville na ndugu zake walimvizia Roger Bellers, jaji wa mahakama ya hazina, wakamuua. Eustace huyo aliendelea na uhalifu kwa miaka mingi na hakuwahi kuadhibiwa kwa mauaji hayo. Mtu anayeishi nchi ya namna hiyo analala vizuri zaidi akijua kwamba kuingia kwake ni kwa daraja moja tu, na usiku linaweza kufungwa.

Hata hivyo angalia ni hofu ya kiwango gani. Handaki linamzuia mwizi wa ng'ombe asitoke na ng'ombe. Linamzuia jirani mlevi, mbwa mwitu wa miguu miwili, na watu watano wenye rungu. Jeshi halilizuii hata nusu saa, kwa kuwa ukingo wa ndani mara nyingi ulikuwa na uzio wa mbao tu, au haukuwa na kitu, na kuna mahandaki ya pande tatu ambayo upande wa nne uliachwa wazi kabisa. Hakuna mjenzi wa ngome anayesahau upande mmoja. Na Bellers aliuawa njiani, ambako handaki halikufuati.

Ndani ya kisiwa mambo yalikuwa hivi. Unapita darajani, la mbao kwa kawaida, na kwa wenye uwezo kuna jengo la lango juu yake. Lower Brockhampton huko Herefordshire bado kuna moja, nyumba ndogo ya mbao iliyokaa juu ya maji imepinda kidogo. Ukiingia unakuta ukumbi mkubwa wenye moto katikati ya sakafu, vyumba vya familia upande mmoja, stoo upande wa pili, na jiko limejengwa mbali kidogo kwa kuhofia moto. Ghala, mazizi na mifugo mara nyingi viliwekwa nje, kwenye uwanja wa pili. Na vipo visiwa ambavyo havikuwa na nyumba kabisa, vilikuwa bustani ya matunda tu, nyumba iko pembeni.

Samaki walifugwa, maana Kanisa lilikataza nyama kila Ijumaa, siku zote za Kwaresima na nyinginezo nyingi. Lakini choo nacho kilimwaga humohumo handakini. Watu wa zamani hawakuwa wajinga kiasi tunachodhani, na ukichunguza viwanja vingi utakuta mabwawa ya samaki yamechimbwa kando, yameunganishwa na handaki kwa mfereji mwembamba wenye kizuizi. Ukiona mashimo marefu makavu karibu na handaki lako, yaliyojipanga sambamba, huenda ndiyo hayo.

Suala la choo linanirudisha kwa mzee wako na njia yake ya chini kwa chini. Hadithi hiyo imeenea mno. Ukikusanya njia zote za siri zinazosimuliwa vijijini Uingereza, nchi ingekuwa imetobolewa mpaka baharini. Fikiria tu kupitisha pango chini ya handaki, kwenye mfinyanzi uliojaa maji, kwa sepetu ya mbao. Kinachoonekana watu wakifukua ni mfereji wa mawe au matofali wa kutolea maji machafu, unaingilika kwa kutambaa, na mawazo ya watu yanaurefusha mpaka kanisani.

Kuna mahali pamoja ambapo mfereji kama huo uliokoa watu kweli. Baddesley Clinton, Warwickshire, ni nyumba iliyozungukwa na maji iliyokuwa mali ya ukoo wa Ferrers kwa zaidi ya karne nne. Mwaka 1591, Ukatoliki ukiwa umepigwa marufuku chini ya Elizabeth I, ilikuwa imekodiwa na Anne Vaux na dada yake, Wakatoliki walioficha mapadri. Asubuhi moja ya Oktoba wasakaji wa serikali wakagonga lango wakati mapadri kadhaa wa Shirika la Yesu (Wajesuiti) wako ndani, akiwemo mkuu wao Henry Garnet. Watumishi waliwachelewesha mlangoni. Mapadri wakashuka kwenye mfereji wa zamani wa maji machafu chini ya sakafu ya ubavu mmoja wa nyumba, uliokuwa umebadilishwa kuwa maficho, wakasimama humo kwa muda wa saa nne, miguu ndani ya maji, wakisikia nyayo juu ya vichwa vyao. Hawakupatikana. Leo nyumba hiyo iko chini ya National Trust, shirika la kuhifadhi majumba ya kale, na wageni huonyeshwa mahali hapo kupitia upenyo sakafuni.

Kwa sisi tunaochimba kutafuta mambo ya kale, utamu wa mahandaki uko kwenye tope lake. Chini kabisa, penye maji yasiyokauka, hewa haifiki, na vitu ambavyo ardhini vingeoza katika miaka michache vinakaa karne saba. Soli za viatu vya ngozi, bakuli za mbao zilizopasuka, mbegu za matunda, chavua ya miti iliyokuwa jirani, hata mabawa ya mbawakawa yanayoeleza kama maji yalikuwa safi au machafu. Bora kuliko vyote ni mihimili ya daraja. Magogo ya mwaloni yaliyolazwa chini kushikilia nguzo yanabaki imara, na kwa kuhesabu na kulinganisha pete zake unaweza kujua mti ulikatwa mwaka gani, wakati mwingine mpaka majira. Hakuna hati ya kabaila mdogo inayotupatia uhakika huo. Ndiyo maana ninakereka mtu anapokodi katapila kusafisha handaki la zamani ili bata wapate kuogelea. Kwa saa mbili anatupa shambani maktaba nzima.

Kwa nini waliacha kuchimba? Mvua za mfululizo zilileta njaa kubwa ya 1315 hadi 1317, kisha tauni ya ng'ombe, na 1348 ikafika Tauni Kuu iliyofagia labda theluthi, labda nusu ya watu. Wale vibarua wa peni moja na nusu hawakuwepo tena, na waliobaki walijua thamani yao. Bunge lilijaribu mwaka 1351 kuzuia mishahara isipande kwa sheria, bila mafanikio makubwa. Ile hesabu yetu ya siku-kazi 880 ikawa mzigo mwingine kabisa. Matajiri hasa waliendelea. Sir Edmund Bedingfeld alipata kibali mwaka 1482 akajenga Oxburgh Hall huko Norfolk, ya matofali mekundu, yenye lango refu linalojitazama majini. Lakini kwa mkulima huru mtindo ulikuwa umepita. Baadaye wengi walihamia nyumba kavu umbali wa mita mia, wakaacha kisiwa kiwe shamba la kuku, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia matrekta yakayasawazisha mengi ili ngano iongezeke.

Mji nao umemeza yake. Birmingham, ambako najua Waswahili si haba, ulianza na kiwanja cha namna hii. Mwaka 1166 Henry II alimpa Peter de Birmingham kibali cha kuendesha soko kwenye makao yake, na makao hayo yalizungukwa na handaki la duara. Liliishi mpaka mwaka 1815 hivi, mji wa viwanda ukalifukia na kuweka soko la Smithfield juu yake. Barabara ya jirani bado inaitwa Moat Lane. Watu wamenunua nyama na mboga pale kwa vizazi, juu ya maji ya kabaila.

Kuhusu kwenda kwako: nenda Januari au Februari, jua likiwa chini na nyasi zimelala, maana kiangazi miba inafunika kila kitu. Baki kwenye njia ya umma. Kuvuka kwenda kisiwani bila ruhusa ya mkulima ni kuingia shambani mwa mtu, lakini wakulima wengi wakiulizwa kwa adabu hukubali, na wengine watakutembeza wenyewe. Kama njia ya kuingilia kisiwani ni ya udongo, usiichukulie kuwa ndiyo ya asili. Mara nyingi ilijazwa baadaye ili mikokoteni ipite, daraja lilikuwa upande mwingine. Ukiona matuta mapana yenye mawimbi kwenye malisho ya jirani, huenda hayo ni mashamba ya wale wachimbaji wetu, yaliyolimwa kwa plau ya ng'ombe. Ukipata nafasi ya kiangazi, tembelea Helmingham Hall, hapohapo Suffolk. Ni nyumba ya familia iliyozungukwa na maji mpaka leo, bustani zake hufunguliwa kwa wageni, na wenyewe husema madaraja yao huinuliwa kila usiku tangu mwaka 1510.

Usichimbe, na usimkubalie rafiki mwenye kifaa cha kutafutia madini. Mahandaki mengi yako kwenye orodha ya maeneo ya kale yanayolindwa, na chini ya sheria ya mwaka 1979 kutumia kifaa hicho humo bila kibali ni kosa la jinai, hata kama hujachukua kitu. Orodha ya taifa ya urithi iko mtandaoni bure. Andika jina la parokia utaona kama la kwako limo. Vilevile idara ya mazingira ya serikali imeweka wazi vipimo vya ardhi vilivyopigwa kwa leza kutoka kwenye ndege, na humo hata handaki lililofukiwa na trekta huonekana kama kivuli cha mraba.

Ukishakwenda, niandikie kanisa liko umbali gani, kisiwa kina upana gani, na kama umeona mabwawa pembeni. Kwa hayo matatu nitakuambia ninavyomdhania mwenye nyumba.